Kumpata mtengeneza tovuti wa biashara yako Arusha au Moshi: mwongozo kamili, kuanzia kikoa hadi makabidhiano

Mwenye biashara akikwambia "tovuti yangu imepotea", mara nyingi haijapotea. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lilisajiliwa kwa imeili ya kijana aliyeitengeneza, kijana akabadilisha namba ya simu, ada ya mwaka haikulipwa, na sasa anayefungua anakuta ukurasa wa tangazo. Hali hii nimeikuta kwa kampuni za utalii za Moshi, kwa maduka ya Arusha mjini, hata kwa watu wenye biashara kubwa tu. Pesa walilipa na kazi ilifanyika vizuri. Kilichokosekana ni funguo.

Kwa hiyo mwongozo huu una jambo moja linalorudi kila hatua: unapomwajiri mtaalamu, unamlipa ujuzi wake, lakini kila akaunti iwe yako tangu siku ya kwanza. Huhitaji kujua kompyuta kwa undani. Unahitaji kujua nini cha kudai, na wakati gani.

Hatua ya 1: Amua tovuti itafanya kazi gani

Kabla hujampigia mtu yeyote, chukua karatasi moja uandike nani ataifungua hiyo tovuti na unataka afanye nini akishaifungua. Mjerumani anayepanga kupanda Kilimanjaro mwakani ana maswali yake: njia ipi, siku ngapi, bei inajumuisha nini, wapagazi wanalipwaje, na je, kampuni hii ipo kweli? Mama wa Njiro anayetafuta keki ya kipaimara anataka picha, bei, na namba ya WhatsApp. Hizo ni tovuti mbili tofauti kabisa, na fundi akikupa bei moja bila kuuliza lolote kati ya hayo, hajakuelewa.

Kampuni ya utalii inahitaji ukurasa wake kwa kila njia au kila safari, kwa Kiingereza kilichonyooka, na ikiwezekana Kijerumani au Kifaransa kama ndiko wageni wako wanakotoka. Hoteli inahitaji vyumba, bei na namna ya kuulizia nafasi. Duka la vifaa vya ujenzi Mbauda linaweza lisihitaji tovuti mwaka huu: wasifu wa biashara kwenye Google haulipiwi, unakuonyesha kwenye ramani, unaweka saa za kazi na picha, na mteja anapiga simu moja kwa moja. Nasema hivi kwa sababu nisingependa mtu atoe milioni kwa kitu ambacho angekipata bure mchana mmoja.

Halafu kuna suala la msimu, hasa kwa watu wa utalii. Wengi humwita mtengeneza tovuti mwezi wa nne au wa tano, masika yakiwa yamepamba moto na ofisi iko kimya. Inaeleweka, lakini mgeni anayekuja Julai mara nyingi alishachagua kampuni miezi mingi kabla. Tovuti inayofunguliwa Juni inawatafutia wageni wa msimu ujao. Ukitaka ikusaidie kwa msimu wa Juni hadi Oktoba, anza kazi Novemba, msongo wa msimu mkubwa ukiwa umepungua, ili Januari iwe hewani.

Hatua ya 2: Sajili kikoa mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Kikoa, ambacho wengi tunakiita domeini, ndicho kiwanja; tovuti ni nyumba iliyojengwa juu yake. Nyumba ikiharibika utajenga nyingine. Kiwanja kikiwa na jina la mtu mwingine, unajenga kwa hisani yake.

Majina yanayoishia na .tz, kama .co.tz kwa biashara na .or.tz kwa taasisi zisizo za faida, yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Majina ya .com unaweza kuyapata kwa wasajili wa hapa au wa nje, na kwa kawaida hugharimu kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Anayehudumia Watanzania zaidi anafaa .co.tz, mwenye wageni kutoka Ulaya na Marekani mara nyingi huchagua .com. Ukiweza, chukua yote mawili ili mwingine asikae kwenye jina lako.

Fungua akaunti ya msajili kwa mikono yako. Lipa kwa kadi ya benki, au kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Kwenye nafasi ya mwenye kikoa andika jina la kampuni kama lilivyo kwa wakala wa usajili, BRELA, na namba ya simu iwe ya mwenye biashara, si ya karani wa mapokezi ambaye mwakani anaweza kuwa ameolewa Mwanza.

Sasa kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Wanafungua akaunti ya kikoa kwa kutumia imeili ya kikoa hichohicho, mfano info@ ikifuatiwa na jina la kampuni. Siku kikoa kikiisha muda, imeili nayo inakufa. Unabonyeza "nimesahau neno la siri", ujumbe unatumwa kwenye sanduku lisilofunguka, na umefungiwa nje ya mali yako. Tumia Gmail iliyofunguliwa kwa ajili ya kampuni tu, yenye uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yako. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo, na uwashe malipo ya kujirudia.

Seva ya kuhifadhia tovuti, yaani hosting, mwachie mtaalamu achague kampuni, lakini akaunti ifunguliwe kwa imeili ileile ya kampuni. Utasikia: "Mama, hayo niachie mimi, utakabidhiwa kila kitu tukimaliza." Jibu kwa upole: "Sawa mwanangu, ila akaunti tutaifungulia hapahapa, kwenye simu yangu." Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Mara nyingi atafurahi, maana umempunguzia mzigo wa kukukumbusha ada kila mwaka.

Hatua ya 3: Andaa maneno na picha

Kazi nyingi hukwama hapa, na anayezikwamisha mara nyingi ni mwenye biashara. Fundi ameshapanga kurasa, anasubiri maelezo, miezi miwili inapita, kisha anajaza maneno aliyoyatoa kwenye tovuti ya jirani ili apate kulipwa. Google hutambua maandishi yaliyonakiliwa, na wageni nao wanatambua.

Makosa yanayoletwa na kunakili huwa madogo, lakini yanaua imani. Kwenye Kilimanjaro, njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala. Njia nyingine kama Machame na Lemosho ni mahema. Mgeni aliyesoma vitabu vitatu akikuta ukurasa wako wa Marangu unamwambia atalala kwenye hema, anafunga na kwenda kwa mwingine, wala hakuandikii kukueleza kwa nini. Vivyo hivyo ile picha maarufu ya tembo wakipita chini ya mlima wenye theluji: nyingi zake hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Kampuni ya Moshi inayoiweka kwenye ukurasa wake wa kwanza inaitangaza hifadhi ambayo huenda haimpeleki mgeni kabisa.

Piga picha zako: gari lako likiwa na jina ubavuni, wapagazi wako getini Machame, jiko lako, mwongozaji wako. Simu nzuri na mwanga wa asubuhi vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Waombe ridhaa wale wanaoonekana vizuri, na iandikwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa za watu unazokusanya na kuzitumia, pamoja na zile ambazo fomu yako ya safari itawadai wageni: namba za pasipoti, hali ya afya, mizio ya chakula. Omba zile tu unazozihitaji katika hatua hiyo. Anayeulizia bei hana sababu ya kukupa namba ya pasipoti.

Weka kila ukurasa kwenye folda yake: maneno, picha, bei. Leseni ya TALA ya biashara ya utalii, uanachama wa TATO (chama cha waendeshaji wa utalii) au ushirika na KPAP (mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro) viwekwe kama ni hai na ni vyako, basi.

Hatua ya 4: Tafuta watu watatu, usimchukue wa kwanza

Arusha na Moshi hazina uhaba wa watu wa kazi hii. Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru vyote vina wanafunzi na wahitimu wa fani za kompyuta. Kuna vijana wanaofanya kazi peke yao nyumbani, na kuna kampuni zenye ofisi na wafanyakazi.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni hii: fungua tovuti za biashara zinazofanana na yako, zile zilizokuvutia, kisha shuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Mara nyingi jina la aliyetengeneza limeandikwa pale. Mpigie kwanza mwenye biashara, ndipo umpigie fundi.

Kijana aliyetoka chuoni juzi si wa kudharau. Kwa tovuti ya kurasa tano anaweza kukupa kazi safi na muda mwingi kuliko kampuni yenye wateja arobaini. Lakini ukitaka malipo ya kadi mtandaoni, kalenda ya vyumba na lugha tatu, tafuta mtu au timu iliyokwisha kufanya hivyo na ikuonyeshe mfano unaofanya kazi.

Hatua ya 5: Jaribu kazi zao kwa simu ya kawaida

Usikubali kuonyeshwa kazi kwenye laptopu ya fundi, ndani ya ofisi yenye Wi-Fi. Omba anwani za tovuti tatu alizotengeneza, ambazo angalau moja ina zaidi ya mwaka. Zifungue kwa simu ya Android ya bei ya kawaida, kwa bando, ukiwa sokoni Kilombero au stendi ya Moshi.

Angalia picha ya kwanza inachukua muda gani kutokea. Google wenyewe wanahesabu kuwa ni vizuri kama kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinaonekana ndani ya sekunde 2.5. Kama unataka kipimo rasmi, bandika anwani hiyo kwenye PageSpeed Insights, chombo chao cha bure, usome matokeo ya upande wa simu. Kinachochelewesha tovuti nyingi za utalii ni picha zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti tano au zaidi, wakati ikipunguzwa vizuri ingebaki kilobaiti mia mbili na jicho lisione tofauti.

Kisha gusa namba ya simu: je, inapiga? Gusa WhatsApp. Jaza fomu ya mawasiliano na umwombe mwenye biashara aangalie kama ujumbe umefika. Fomu isiyofika popote ni ugonjwa wa kawaida sana, na mwenye nayo huwa hajui. Anadhani soko limekuwa gumu.

Ukimpigia mwenye biashara muulize mambo matatu. Kikoa kiko kwa jina la nani? Unaweza kubadilisha bei mwenyewe bila kumwita fundi? Na siku tovuti ilipopata shida, alijibu baada ya muda gani? Majibu hayo yatakuambia mengi kuliko uzuri wa rangi.

Hatua ya 6: Mazungumzo

Mtaalamu mzuri atakuuliza kuhusu wateja wako kabla hajataja bei. Mpe ile karatasi ya hatua ya kwanza umsikilize.

Muulize atajenga kwa kutumia nini. WordPress ni programu ya bure inayotumika kwenye tovuti nyingi sana duniani, na faida yake kwako ni kwamba fundi huyu akiondoka, wa kupokea kazi wapo wengi. Akisema ataandika kila kitu kwa mfumo wake mwenyewe, si vibaya, ila muulize nani mwingine mjini anaweza kuuendesha. Muulize pia leseni za templeti (muundo wa kurasa uliotengenezwa tayari) na plagini (programu ndogo za kuongezea) za kulipia zitakuwa kwa jina la nani. Wapo wanaotumia zilizovunjwa leseni ili waokoe dola hamsini. Mara nyingi huja na virusi ndani, na mgeni wako anaanza kupelekwa kwenye tovuti za kamari.

Akikuahidi kuwa utakuwa wa kwanza Google kwa "Kilimanjaro climb", mshukuru uondoke. Google wameandika wazi kuwa hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza.

Hatua ya 7: Bei

Utapewa bei za kuanzia laki kadhaa hadi milioni kadhaa, na huwezi kuzilinganisha mpaka kila mmoja achanganue: kubuni na kujenga, idadi ya kurasa, kuandika maneno, kikoa, seva, leseni, mafunzo, matengenezo ya mwaka. Anayeonekana ghali huenda amejumuisha mwaka mzima wa huduma, na wa bei rahisi huenda atakudai kwa kila picha utakayobadilisha.

Gawanya malipo. Mgawo unaofaa ni asilimia 40 ya kuanzia, 30 baada ya kuona tovuti ikifanya kazi kwenye anwani ya majaribio, na 30 ya mwisho baada ya kukabidhiwa funguo zote. Hiyo ya mwisho usiitoe kwa huruma kabla ya wakati. Dai risiti. Kampuni inayolipia huduma za kitaalamu kwa mtoa huduma mkazi hutakiwa kuzuia kodi ya asilimia 5 ya malipo na kuipeleka TRA, kwa hiyo mzungumze na mhasibu wako mapema ili fundi asije akadhani umempunja.

Hatua ya 8: Mkataba

Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili ambacho wote wawili mnakielewa. Kazi ya ubunifu huanza kuwa ya aliyeitunga, kwa hiyo usiache umiliki uwe jambo la kudhaniwa. Sentensi kama hizi zifanye kazi:

"Kikoa na akaunti ya seva ni mali ya mteja tangu siku ya kwanza, na akaunti zote zitafunguliwa kwa imeili ya mteja; maudhui, picha na muundo wa tovuti vitakuwa mali ya mteja mara malipo ya mwisho yatakapokamilika."

"Mteja atawasilisha maneno na picha ndani ya siku 14 tangu kusaini. Akichelewa, tarehe ya mwisho itasogea kwa idadi hiyohiyo ya siku."

"Marekebisho ya awamu mbili yamejumuishwa katika bei. Ya ziada yatalipiwa kwa makubaliano ya maandishi."

"Hitilafu zitakazoonekana ndani ya siku 60 baada ya makabidhiano zitarekebishwa bila malipo."

Hiyo ya pili na ya tatu zinamlinda fundi. Ziache zikae. Fundi anayefanyishwa marekebisho bila mwisho huacha kupokea simu, na hapo wote mnapoteza.

Hatua ya 9: Wakati kazi inaendelea

Chagua mtu mmoja wa kuzungumza na fundi. Maoni yakusanywe, yatumwe mara moja kwa wiki kwa maandishi, yakiwa na picha ya skrini. Ujumbe wa sauti kumi kwa siku kutoka kwa baba, mama na meneja hauleti kazi nzuri.

Hatua ya 10: Siku ya makabidhiano

Kaeni pamoja mezani, wewe ukiwa na kifaa chako. Ingia mwenyewe kwenye akaunti ya kikoa, ya seva, na ya WordPress ukiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu. Badilisha maneno ya siri mbele yake. Mtengenezee yeye akaunti yake ndogo kama ataendelea kukuhudumia.

Hakikisha anwani inaanza na https. Cheti cha usalama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo asikutoze kama kitu adimu. Tuma imeili kutoka anwani mpya ya kampuni kwenda Gmail ya rafiki uone kama imeangukia kwenye taka. Ikiangukia huko, mwambie fundi aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa imeili imetoka kwako kweli. Ni kazi ya muda mfupi, na bila hiyo bei uliyomtumia mgeni inaweza isionekane kamwe.

Omba nakala kamili ya tovuti, uihifadhi nje ya seva. Omba uwe mmiliki kwenye Search Console ya Google, chombo kinachokuonyesha tovuti yako inavyotokea watu wakitafuta. Kama ulikuwa na tovuti ya zamani, jaribu linki zake: zikupeleke kwenye kurasa mpya, si kwenye ujumbe wa "haipatikani". Mwisho badilisha bei moja na picha moja kwa mkono wako, yeye akitazama. Ukishindwa, mafunzo hayajaisha.

Baada ya hapo WordPress na plagini zake zinahitaji kusasishwa mara kwa mara, na bakapu iende yenyewe. Mlipe mtu kiasi kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo, au jifunze mwenyewe. Tarehe ya kikoa na ya seva ziandike kwenye kalenda ya ofisi, ukutani, kikumbusho kiwe mwezi mmoja kabla.

Kama tayari uko kwenye shida

Huenda unasoma hili tovuti yako ikiwa tayari mikononi mwa mwingine. Anza kwa utulivu; wengi hawakukusudia ubaya. Tafuta kwanza kikoa kimesajiliwa wapi: kwa .com tumia lookup.icann.org. Jina la mwenye kikoa mara nyingi limefichwa, lakini msajili na tarehe ya kuisha vinaonekana.

Kama muda haujaisha, mwombe fundi aondoe kufuli la kikoa na akupe msimbo wa kuhamisha, ukihamishie kwenye akaunti yako. Kwa .com kilichosajiliwa au kuhamishwa karibuni kunaweza kuwa na zuio la siku 60, kwa hiyo akikwambia "hakihami sasa", inawezekana anasema kweli. Basi abadilishe imeili ya akaunti iwe yako kwa sasa. Mlipe kitu kwa muda wake.

Kama muda umeisha, usikate tamaa siku hiyohiyo. Kikoa cha .com kwa kawaida hupitia kipindi cha neema ambacho msajili anakipanga, kisha siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi, ndipo kinaachiwa kwa yeyote. Wakati huo kila siku ina thamani. Mpigie msajili leo ukiwa na cheti cha BRELA, leseni ya biashara, risiti za malipo na mkataba kama ulikuwepo, uombe wakueleze utaratibu wao wa kuthibitisha umiliki.